Ted Lindsay, muchezaji mwenye aliuliza makuta ya pansio inaenda wapi

Kirkland Lake ni muji wa zahabu. Iko kaskazini ya Ontario, mu Canada. Mbele ya watu kuvumbua zahabu mu mawe yake, miaka ya 1910, hakukuwa muji pale. Mugodi njo ulizaa muji, sawa vile mugodi ulizaa Kipushi. Baridi yake haina huruma: miezi mingi ya mwaka maji inakuwa ngumu kama jiwe, na watoto wanacheza juu yake. Mule njo alikomalia Ted Lindsay. Alizaliwa ku Renfrew tarehe 29 Julai 1925, mutoto wa mwisho kati ya watoto 9, na baba yake alikuwa golikipa wa hoki wa siku za zamani.

Hoki ya juu ya barafu wengi wetu hatujaiona isipokuwa ku televizyo, kwa hiyo tuifasirie kidogo. Kila timu inaweka watu 6 mu kiwanja, pamoja na golikipa. Wanavaa viatu vyenye kuko kisu cha chuma chini, wanateleza mbio kushinda mutu wa velo. Kila mutu iko na fimbo mu mukono. Yenye wanapiga si mupira wa kuviringana, ni kipande cha kaushu ngumu, cheusi, cha kulala kama sahani ndogo. Kugongana inaruhusiwa: mutu anaweza kukusukuma ku ukuta wa mbao na mwamuzi asipulize filimbi. Na mu wakati wa Lindsay karibu wote walicheza bila kaske ku kichwa. Sisi watu wa mugodi tunajua kazi bila kaske inaleta nini.

Ile mwaka alikuwa na miaka 16, muji wake ulisimama. Tarehe 18 Novemba 1941 watu wa mugodi wa Kirkland Lake waliingia mu grevi. Hawakuomba nyongeza ya mushahara mbele. Waliomba kitu kimoja: sosiete zikubali kama sendika yao iko, zikae nayo ku meza. Kamati yenye serkali ilituma ilisema watu wako na haki, lakini sosiete zilikataa. Polisi waliletwa. Grevi iliendelea katikati ya baridi mupaka tarehe 12 Februari 1942, na watu walirudia kazi bila kupata kitu. Wengi wa mustari wa mbele hawakurudishwa kazi, walihama na familia zao. Lakini miaka mbili kisha pale, Februari 1944, serkali ya Canada ilitia amri yenye ililazimisha wakubwa wa kazi kusemezana na sendika, na ile grevi yenye ilishindwa ilisaidia sana kuileta. Hatusemi kama kijana Ted alibeba bendera mu ile grevi. Tunasema tu alitokea mu muji wa namna gani.

Mwaka wa 1944, akiwa na miaka 19, aliingia mu timu ya Detroit Red Wings, mu Marekani. Hakuwa mutu mukubwa wa mwili: metre 1 na santimetre 73, kilo kama 74. Wenzake wengi walimupita kwa kimo na kwa uzito, na yeye hakuogopa hata mumoja. Waganga walimushona uso nyuzi mamia mu maisha yake. Watu walimupatia jina Ted wa Kutisha, na hapana kwa bure: mu mechi zake zote za ligi, 1,068, alifungiwa ku kiti cha azabu dakika 1,808. Mama wenye wanasoma hapa watasema ule hakuwa kijana wa kuoza binti yao. Lakini alifunga pia: magoli 379, na pasi 472 zenye zilizaa magoli.

Detroit ni muji wa viwanda vya motokari. Njo maana wachezaji watatu wa mbele wa ile timu, Lindsay ku kushoto, Sid Abel katikati na Gordie Howe ku kuume, waliitwa Production Line, ni kusema mustari wa kiwanda, wenye kutosha magoli sawa vile kiwanda kinatosha motokari. Mu musimu wa 1949-50 wale watatu walikuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu mu hesabu ya ligi yote, na wa kwanza alikuwa Lindsay. Detroit ilikamata Kombe la Stanley mara ine: 1950, 1952, 1954, 1955. Mu 1950, wakati kombe lililetwa juu ya barafu, Lindsay alilibeba, akazunguka nalo kiwanja chote karibu na ukuta ili watu wenye walilipa tiketi waone vizuri. Mupaka leo timu zenye kushinda zinafanya vile, na wanasema yeye njo alianzisha.

Kuko hadithi moja yenye tunaipenda. Machi 1956, Detroit inaenda kucheza ku Toronto, mutu anapiga simu na kusema atawapiga Lindsay na Howe risasi mu kiwanja. Wote wawili waliingia na kucheza. Lindsay alifunga goli ya kusawazisha, kisha mu dakika za nyongeza alifunga goli ya kushinda. Mechi ilipoisha alizunguka barafu na fimbo yake kama bunduki, akiielekezea watu mu viti. Kipande cha mutu!

Lakini wachezaji wazuri wako wengi, na gazeti hili linawaandika kila siku ku ukurasa wa michezo. Yenye ilitufanya sisi wa sendika tuandike juu ya ule muzungu ni mambo ya 1957.

Ligi kubwa ya hoki ilikuwa na timu 6 tu: Boston, Chicago, Detroit, Montreal, New York na Toronto. Watu wenye walikuwa na ile kazi walikuwa kama 120. Kontra yao ilikuwa na mustari moja mubaya: hata muda wa kontra ukiisha, muchezaji alibakia mali ya timu. Hakuweza kwenda kutafuta patro mwingine. Timu njo iliweza kumuuzisha, kumubadilisha, ao kumuteremusha mu ligi za chini kesho asubuhi, na hakuna mutu wa kuuliza. Akivunjika, ni shida yake. Na kila mumoja aliingia mwenyewe mu biro ya mukubwa kusinye, mulango umefungwa, akiambiwa asiseme kwa wenzake anapata ngapi.

Tusimame hapa kidogo, juu ile siri ya mushahara tunaijua. Soudeur wawili wa ekipe moja, kazi moja, miaka ileile, kila mumoja anaficha karatasi yake ya mushahara kwa mwingine kama barua ya mapenzi. Nani anapata faida mu ile siri? Gordie Howe, mwenye wengi wanasema njo alikuwa muchezaji bora wa ile ligi, aliambiwa miaka mingi na wakubwa wa Detroit kama hakuna mwenye anapata kumupita. Aliamini. Karibu mwaka wa 1968 mwenzake mupya mu timu, Bob Baun, alimufunulia mushahara wake: ulikuwa unapita wa Howe mbali. Howe alikuwa na miaka 40. Alienda kwa mwenye timu kuomba dolari 100,000, na alipewa bila vita. Ni kusema makuta ilikuwa pale siku zote.

Turudie ku Lindsay. Pansio ya wachezaji ilianza mu 1947. Kila muchezaji alitosha dolari 900 kwa mwaka mu mushahara wake, na mu ile wakati wengi mushahara wao haukufika 10,000. Mu 1952 Lindsay aliwekwa mu kamati ya pansio kama mujumbe wa wachezaji, pamoja na Doug Harvey, beki mukubwa wa Montreal. Juu ya barafu wale wawili walichukiana kabisa, walipigana. Ku meza ya kamati walijikuta wanauliza swali moja: makuta yetu imefika ngapi, na iko wapi? Hawakuonyeshwa vitabu. Waliuliza tena. Hawakuonyeshwa. Walikuwa wajumbe wa kukaa tu, kama delege wengine wenye tunawajua, wenye wanaitwa ku reinyo kupiga sahihi ku karatasi yenye hawakusoma.

Lindsay alikuwa na kitu chenye wengine hawakukuwa nacho. Yeye na Marty Pavelich, mwenzake mu timu, walikuwa na biashara ndogo ya kuuzisha vitu ku viwanda vya motokari. Patro akimukatia mushahara, watoto wake hawatalala njaa. Hiyo si kitu kidogo. Mara mingi tunalaumu watu kwa woga na hatuangalii mufuko wao.

Alienda kuangalia namna wachezaji wa besiboli walifanya, juu wao walikwisha kupata pansio ya maana, na aliajiri avoka wao, wa New York. Kisha alianza kusemezana na watu wa timu zingine, mumoja mumoja, kimya. Ilikuwa kazi ya hatari: muchezaji kukutwa anaongea na muchezaji wa timu nyingine ilionekana vibaya. Kila mutu alitoa dolari 100 za kuingia. Na siri haikuvuja! Tarehe 11 Februari 1957, ku New York, walisimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza Chama cha Wachezaji. Lindsay prezida. Harvey makamu wake wa kwanza. Kila timu ilikuwa na mutu wake mu kamati, na wa Chicago alikuwa Gus Mortson, mwenye alikomala na Lindsay kule ku Kirkland Lake, ku zahabu. Wachezaji wote wa ligi walikuwa wamesinye, isipokuwa mumoja tu.

Waliomba nini? Mushahara wa chini wenye kujulikana, pansio ya kueleweka, makuta ya safari kama mutu anahamishwa. Tunaomba wasomaji wapime wenyewe kama ile ni matata.

Wapatro waliona ni vita. Mukubwa wa timu ya Detroit, Jack Adams, alianza kumuharibia Lindsay jina ku magazeti, na alionyesha waandishi kontra ya uongo yenye mushahara mukubwa, ili watu waseme: ule tajiri analia nini? Na mujue kama ile musimu, 1956-57, Lindsay alicheza vizuri kuliko miaka yake yote: magoli 30 na pasi 55. Detroit ilimaliza ya kwanza mu ligi. Mwezi wa Julai alitumwa Chicago, timu yenye ilikuwa ya mwisho. Kipa Glenn Hall alitumwa naye. Jimmy Thomson, mutu wa chama ku Toronto, naye alitupwa Chicago palepale. Kupelekwa Chicago ilikuwa azabu yenye kila mutu alielewa bila kufasiriwa. Pavelich, mwenye alikuwa na miaka 29, aliambiwa atateremushwa mu ligi ya chini, aliacha hoki.

Mu mugodi tunasema "kuhamishwa kwa faida ya kazi".

Na wenzake wa Detroit? Hapa njo inauma. Novemba 1957, wakati Lindsay hayuko tena mu kabati ya kuvalia pamoja nao, wachezaji wa Detroit walipiga kura kutoka mu chama. Howe alikuwa pale, Howe wa mustari wa kiwanda, na hakusimama. Montreal ilifuata. Chama kilikuwa kimepeleka ligi ku tribinali, kikiomba dolari milioni 3, lakini bila watu nyuma mashtaka ni karatasi. Februari 1958 walikaa na wapatro na kupatana inje ya tribinali. Chama kilikufa. Lakini angalieni yenye ilibakia ku meza: mushahara wa chini dolari 7,000, pansio yenye kuongezwa, na makuta ya kuhama kwa mutu mwenye anabadilishwa timu. Kirkland Lake mara ya pili: grevi imeshindwa, na kitu kimepatikana.

Lindsay alicheza Chicago miaka mitatu, bila furaha, na aliacha mu 1960. Mu 1964, akiwa na miaka 39, Abel, mwenzake wa zamani, alikuwa sasa kocha wa Detroit na alimurudisha. Wengine walicheka muzee. Alicheza mechi 69, alifunga magoli 14, alikaa dakika 173 ku kiti cha azabu, na Detroit ilimaliza ya kwanza. Kisha aliweka viatu chini. Timu yenye ilimufukuza haikukamata tena kombe mupaka 1997. Si sisi wenye tunasema ni laana, lakini muhesabu wenyewe.

Sehemu yenye inafuata hatuwezi kuiruka, hata kama inatuhusu vibaya sisi wa sendika. Mu 1967 wachezaji walisimamisha chama kingine, na safari hii wapatro walikikubali. Mukubwa wake alikuwa avoka wa Toronto, Alan Eagleson. Alibakia pale zaidi ya miaka 20. Alikuwa rafiki wa wachezaji, na alikuwa rafiki wa wapatro. Alikuwa avoka wa watu binafsi na wakati uleule mukubwa wa chama chao. Yeye pia njo aliongoza mechi za mataifa zenye zilileta makuta ya pansio. Mutu mumoja, kofia ine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 muandishi Russ Conway, wa gazeti la muji mudogo wa Massachusetts, alianza kufungua hesabu moja moja: wachezaji wenye walivunjika na malipo yao ya bima yalikatwa, makuta ya chama yenye ilitembea njia zake. Mu 1998 Eagleson alikubali makosa ya udanganyifu mbele ya tribinali ya Boston, kisha ya Toronto, na alifungwa.

Na lile swali la 1952, makuta iko wapi? Lilijibiwa mu tribinali, miaka 40 kisha pale. Carl Brewer, beki wa zamani wa Toronto, alisumbua watu wote mupaka wachezaji saba wa zamani walipeleka ligi mbele ya hakimu juu ya pansio. Mu 1992 hakimu wa Ontario alisema kama makuta yenye ilizidi mu kisanduku ni ya wachezaji, hapana ya ligi. Ligi ilipanda juu mupaka tribinali kubwa ya Canada, na mu 1994 ile ilikataa hata kuisikiliza. Dolari milioni 40 na zaidi zilirudia kwa wazee na kwa wajane wao. Kati ya wale saba, jina moja lilikuwa Gordie Howe.

Mambo ingine ya Lindsay tuipitie mbio. Mu 1966 aliitwa kuingia mu Jumba la Heshima la hoki. Sherehe ilikuwa ya wanaume peke yao, bila mabibi na watoto. Alisema kama bibi yangu na watoto wangu hawaingii, na mimi siingii, hakwenda. Mwaka wenye ulifuata walifungua mulango kwa familia. Mu 1991 Detroit iliamua hakuna mwingine atavaa namba yake, 7. Na tangu 2010, zawadi yenye wachezaji wenyewe wanapigia kura, ya muchezaji bora wa mwaka, iko na jina lake. Wale vijana wanalipwa leo mamilioni ya dolari, na wengi wao hawakuzaliwa siku alitupwa Chicago.

Alikufa tarehe 4 Machi 2019, na miaka 93. Detroit iliweka sanduku lake mu kiwanja cha timu ili watu wa muji wapite kumuaga. Milango ilifunguliwa saa tatu na dakika 7 ya asubuhi, ikafungwa saa moja na dakika 7 ya mangaribi.